Inchaji Wetu Anadischajiwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa msimamizi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, Inchaji wetu anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Jumatatu inayofuata kiti chake nakikalia mimi ninayeandika haya, na niseme ukweli mapema: naogopa. Nimeagizwa niandike maneno ya furaha kwa jarida la wafanyakazi. Nitajitahidi, ila mkiona mstari unatetemeka msishangae.

Jina lake halisi hatulitumii. Ni Inchaji kwa madaktari, kwa wafagizi, hata kwa mumewe, ambaye akija kumchukua jioni huuliza getini kama Inchaji ametoka. Alianzia wodi ya watoto, akapita chumba cha kujifungulia, akafika kwetu na hajabanduka. Ndiye aliyesimamia mpaka ikawa sheria kwamba mgonjwa asiyejiweza ageuzwe usiku na mchana, na vidonda vya mgongo tukavisahau. Mkali? Jamani! Shuka yenye kunyanzi anaiona akiwa bado mlangoni. Lakini ndiye huyo huyo aliyeweka kando ya meza yake waya wa umeme wenye matundu mengi, ili ndugu wa wagonjwa wachaji simu zao bure. Asubuhi meza inafanana na duka la simu, naye analalamika kwamba yeye ni inchaji wa wodi, si wa chaji.

Utani huo una chanzo chake, na siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Tulikuwa na fundi seremala mwenye kidonda kibaya cha paja. Daktari alipopita kuona wagonjwa, alituambia kwa Kiingereza kwamba dischaji ni nyingi. Alimaanisha usaha. Mkwe wa seremala alikuwa amesimama pale na chupa ya chai, na Kiingereza chake kilimtosha kumponza tu. Dischaji aliyoijua yeye ni moja, ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Akamshukuru Mungu, akamvalisha baba mkwe wake shati, akatuaga kwa adabu zote. Sisi tukadhani wanakwenda kupiga picha ya mguu.

Wakati wa sindano za mchana tukakuta kitanda kitupu. Tulimpigia yule mkwe mpaka vidole vikachoka. Simu yake ilikuwa imezima, haina chaji. Inchaji hakumfokea mtu. Aliniambia nishike wodi, akavua aproni, akatoka. Mchana ule nilikuwa roho juu, kila mlango ukilia nadhani ni habari mbaya. Alimkuta seremala kwenye karakana yake, amezungukwa na majirani wanaompa pole na hongera, huku anatetemeka kwa homa. Akamrudisha kwa gari la kukodi, kichwa cha mgonjwa mapajani mwake. Benchi lililo nje ya wodi yetu alilitengeneza seremala huyo, baada ya kupona.

Wiki ile ile waya wa chaji ukafungwa. Na Inchaji, ambaye neno lile lilikuwa limemkosesha usingizi, akaenda maktaba kulitafuta kwenye kamusi nene. Alirudi ameshangaa. Kumbe, alitueleza, neno la Kiingereza charge asili yake ni kupakia mzigo kwenye gari la magurudumu. Mengine yote yamezaliwa humo: ada ni mzigo, shtaka ni mzigo, umeme hupakiwa kwenye betri, na anayeitwa inchaji ndiye aliyebebeshwa. Dischaji ni kushusha tu, uwe usaha au mgonjwa anayerudi kwake. Tangu hapo, mbele ya kitanda chochote, tunasema usaha au tunasema ruhusa. Daktari akisahau, Inchaji anakohoa, na daktari anacheka na kujirekebisha.

Juzi nilimwuliza kama naye aliogopa alipoanza. Akaniita mwanangu, akasema mwezi mzima wa kwanza alikuwa akitapika kabla ya kuingia kazini, na mpaka leo kitanda kitupu kinamtia hofu. Ndiyo maana kila asubuhi husimama mlangoni kabla ya kumsalimia mtu. Miaka yote nilidhani anatafuta shuka zenye kunyanzi. Anahesabu vichwa.

Sasa mzigo unashushwa kwake, unapakiwa kwangu, na sijui kama gari langu litahimili. Jana alikusanya vitu vyake. Waya ametuachia, alichomoa chaja moja tu, ya kwake. Akaniambia simu yake haitazimwa wala kuishiwa chaji, na nisione haya kupiga, hata kwa jambo dogo.

Mama yetu, asante kwa kila kichwa ulichokihesabu. Nenda ukalale mpaka jua lipande, ukawachoshe wajukuu kwa maswali ya maneno, na siku zako ziwe nyepesi mabegani. Jumatatu nitasimama mlangoni, nitahesabu kwanza, ndipo niseme habari za asubuhi.

Kisha nitakupigia. Tafadhali pokea.