Mkate wa Jibini Mpaka Lisbon

Mzee Joop alikuwa ndani ya tramu mjini Lisbon, mkate wa jibini wa kwao Uholanzi mapajani, amewakimbia mkewe na wanawe.

"Umeubeba kutoka Uholanzi?" mama wa Kireno aliyeketi pembeni yake akamuuliza.

"Mama, safari yenyewe ya ghafla. Binti yangu alikata tiketi juzi, mimi nikakimbilia jikoni. Uzee wote huu, naja Lisbon na chakula kama naenda kulima. Mke wangu kasema namtia aibu, nikawakimbia, yeye na watoto wakaenda kula samaki."

"Si ushuke ukamwombe radhi, baba?"

"Radhi ya jibini?"

Tramu ikasimama mbele ya mgahawa. Kupitia dirisha Joop akamwona mkewe: samaki hajaguswa, na chini ya meza anamega mkate mwingine wa jibini kwa siri.