Sikumpa Bosko Sumu

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Liinuliwe tena! Nimesimama kushukuru, lakini sitawaficha: nina hasira, na Mungu anaijua.

Mimi ni Mama Achieng', mnanijua. Nimefanya kazi miaka mingi katika nyumba moja kule Milimani, jioni narudi hapa Mamboleo. Nyumba hiyo ilikuwa na mbwa mkubwa, Bosko. Nilimpikia mimi, nikamlisha mimi.

Bosko akaanza kukonda. Siku moja namsugua shingo, nikashika uvimbe chini ya taya, huku na huku, kama mayai ya kuku. Baadaye nikapata mwingine mbele ya bega na nyuma ya magoti. Nilimwambia Madam, mwenye nyumba. Mara tatu nilimwambia! Akasema ni kupe tu.

Bosko aliposhindwa kusimama, ndipo wakakumbuka nani anampikia. "Mama Achieng', ulimwekea nini huyu mbwa?" Madam aliniuliza hivyo mbele ya mlinzi na majirani. Nikafukuzwa siku hiyo hiyo.

Hilo la Milimani ningelivumilia. Lakini habari ilifika hapa kanisani kabla sijafika mimi! Jumapili ile nilipoingia jikoni kuwapikia wageni, mlinyamaza. Mmoja wenu akaninyang'anya mwiko: "Mama, wewe pumzika kwanza." Pumzika! Mimi niliyewapikia kwenye matanga yenu! Na hakuna aliyeniuliza hata swali moja.

Nililia, halafu nikachoka kulia. Nikaenda kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole, nikamweleza ule uvimbe, kila mahali ulipokuwa. Akaweka kalamu chini.

"Mama, sumu haivimbishi tezi hivyo. Twende nikamwone."

Akampigia Madam simu, tukaenda. Mlinzi akanizuia getini. Daktari akamwambia, "Huyu ndiye anamjua mbwa. Asipoingia, na mimi siingii."

Tukaingia! Nikamshika Bosko kichwa, daktari akachoma tezi kwa sindano nyembamba, akavuta majimaji kidogo, akayapaka kwenye kioo. Kioo kikapelekwa maabara Nairobi. Siku zote za kungoja nilifunga na kuomba.

Jibu likaja: limfoma, saratani ya tezi. Hakuna binadamu aliyeitia kwenye sufuria! Daktari hakumficha Madam: "Haiponi kabisa. Lakini dawa inaweza kumpa miezi mizuri. Mngemleta alipoanza kuvimba, ingekuwa rahisi zaidi."

Madam akaniomba nirudi. Nikamwambia, "Ulinishtaki mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu." Akawaita mlinzi na majirani, akasema sikumpa mbwa sumu. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Kila wiki nilimpeleka Bosko kuwekewa dawa kwenye mshipa, na vidonge nikampa nyumbani. Uvimbe ukanywea. Akala, akabweka, akakimbiza kunguru uani! Alipata miezi saba. Ugonjwa uliporudi, alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Erokamano, Nyasaye! Asante, Mungu! Nawe ndugu unayesingiziwa leo, usikimbie, usijifiche. Mtumaini Mungu, na utafute mtu wa kupima ukweli. Mungu anakuona hata watu wako wanapokugeuzia mgongo.

Na ninyi mlioninyamazia, moyoni nimeshawasamehe. Lakini samahani yenu sijaisikia bado. Ibada ikiisha, nitakuwa nimekaa pale benchi la mbele. Njooni, mmoja mmoja.