Alipata Alama za Udaktari

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na jioni hukaliwa na Kinyozi mwenyewe, Seremala, na Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea. Mimi nawauzia kahawa. Tangu Seremala afiwe na mkewe, mazungumzo yakianzia kwenye mpira huishia kwa binti yake, mfamasia wa hospitali kuu.

— Alipata alama za udaktari, akasema Seremala. Akachagua famasia!

— Kaipiga riziki teke, Kinyozi akadakia. Daktari akipita, watu wanasimama. Mfamasia akipita, wanamwuliza dawa ya kichwa ipo?

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa.

— Sasa hiyo imeingiaje hapa? Kinyozi akauliza.

— Vidonge si vinahesabiwa kimoja kimoja? Kibaba hicho!

— Heshima iko kwenye kile kipimo cha shingoni. Mvalishe hata mbuzi, utamwamkia shikamoo.

— Wapi! Heshima iko kwenye mwandiko. Madaktari wote walikula kiapo wasisomeke. Mfamasia kaisoma siri yao, ndiyo maana wamemfungia nyuma ya dirisha!

Tukacheka. Seremala hakucheka.

— Nilimwuliza, mwanangu, kwa nini? Akasema, "Baba, nataka nijue dawa ikishamezwa inakwenda kufanya nini." Haya, mama yake alipolazwa, alijua kila kidonge kinakwenda wapi. Kikasaidia nini? Angekuwa daktari, mke wangu angekuwa hai.

Mzaha ukaishia hapo.

— Pole, kaka, Kinyozi akamshika bega.

— Pole sana, ndugu yangu, akasema Profesa.

Nami nikamwongezea kahawa, kama nifanyavyo kila akifika hapo.

Pembeni alikaa dereva mmoja wa lori, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma. Akatugeukia.

— Samahani wakubwa, mimi mgeni. Marehemu alikuwa mama mzazi wa huyo binti?

— Mama mzazi.

— Na yeye binti, nani alimpa pole?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akatafuta methali, akaikosa. Mimi nikaikumbuka siku ya msiba: binti kasimama peke yake karibu na mlango, mtandio umemwangukia mabegani, nasi tukimpita kama nguzo, tukienda kumshika baba yake mkono.

Seremala akainuka.

— Pale hospitali, akauliza, dirisha la dawa liko upande gani?

Binti yake alikuwa na miaka kadhaa kazini pale. Kinyozi akamwelekeza taratibu: ukiingia getini, shika kulia, utaona foleni.

Kesho yake mke wa Kinyozi alikwenda kuchukua dawa zake za presha, akamkuta Seremala mbele yake kwenye foleni, hana cheti cha dawa, kavaa shati la kutokea. Zamu yake ilipofika, binti aliinua uso, akashtuka.

— Baba! Unaumwa wapi?

Mke wa Kinyozi anasema mzee alilishika dirisha kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mwanangu."