Ndoo ya Zulekha Kwenye Foleni ya Kisima

Umeshaanza kutikisa kichwa na hata sijafungua mdomo vizuri. Unasema haiwezekani, Kariakoo hii kila kona kuna mtu na beseni la maji ya chupa, halafu mtu akose maji ya kuoga? Haya, wewe mjuaji, chukua hizo chupa ukamwogeshe mgonjwa aliyelala tangu Ramadhani, mgongo mzima vidonda. Ukimaliza uje unieleze. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini macho ninayo, na siku hiyo nilikuwepo. Kama umekuja kubisha, inuka uende, usinizibie hewa.

Kijiwe chenyewe kiko mbele ya nyumba yangu, upande wa Mchafukoge, nyumba ya bati iliyobaki peke yake kwenye mtaa ambao kwingine kote ni ghorofa. Kuna benchi moja fupi, jiko la mkaa la Mrisho muuza kahawa, na ndoo tupu za rangi, zile zenye mfuniko, wanazotupa mafundi wa maghorofa. Waliokosa nafasi kwenye benchi hukalia hizo. Wale wanaume hawana adabu nyingi, ila moja wanayo: mtu akija hasimami. Hata awe mtu wasiyempenda, atasogezewa kitu akalie.

Na uani kwangu kuna kisima. Alikichimba baba mkwe wangu. Maji yake yana chumvi kidogo, Mrisho anaificha kwa tangawizi. Miaka yote watu walikuwa wakikicheka. Mwaka huu vuli ilipogoma na mabomba yakaanza kutoa upepo, wote wakajua njia ya kwangu, kwa Bibi Severa.

Sasa kisima hiki hakina haraka. Ukikichota asubuhi kinakauka, unakiacha, kinajivuta mpaka alasiri ndiyo kinatoa tena. Kwa hiyo niliweka sheria. Ndoo ndiyo mtu. Unaiweka ukutani kwenye mstari, unakwenda kufungua duka au kunyonyesha, yenyewe inakusimamia. Hakuna kuiruka ndoo ya mtu, hakuna kuihamisha. Sheria hiyo ilishika kuliko nyingine nyingi za mji huu, na sikuwa na mgambo.

Siku hiyo Zulekha aliteremka kumepambazuka. Anakaa ghorofa la mkabala, juu kabisa, na lifti yao ilikufa zamani. Mama yake ndiye yule mshona kofia ambaye nusu ya mwili ilimlala kwa kiharusi. Kwa siku nyingi alikuwa anapanguswa kwa kitambaa tu, maji yenyewe hayapo. Zulekha akaniamkia, nikaitikia.

— Bibi, mama leo ameongea. Amesema anataka kuoga.

Tangu alazwe na ule ugonjwa yule mama hakuwa amemaliza sentensi moja. Nikamwambia aweke ndoo. Akautazama mstari, ulikuwa umetoka mlangoni kwangu mpaka miguuni mwa benchi, kisha akanitazama mimi. Nilimwelewa. Lakini ningemvusha mmoja, kesho yake kila ndoo ingekuwa na mgonjwa ndani.

— Nenda ukakae naye, nikamwambia. Ndoo itakusimamia.

Akaiweka ya mwisho, ndoo ya rangi, ya bluu, kipande cha kanga nyekundu kimefungwa mshikioni. Akapanda zake.

Mimi nikaingia uani kuvuta kamba. Ukuta ule ni bati tu, kwa hiyo yaliyosemwa kijiweni niliyasikia yote, nitake nisitake. Walikuwa watatu na Mrisho. Steven, fundi wa simu, wanamwita Chaji. Elisaria, mwenye duka la vitenge, Mchaga, kwa hiyo Mangi. Na Augustino, anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini siku akiamua kwenda. Huyo ni Taarifa, maana hakuachi umalize neno bila kukukatiza kwa taarifa yake.

Chaji alikuwa ameegemeza simu kwenye sahani ya kashata, wanaangalia video ya wanyama. Jangwa, mchanga mpaka macho yanaishia, na dimbwi moja la maji. Taarifa akataka kujua ni jangwa gani hilo lisilo na maji, mbona Jangwani kwetu mvua ikinyesha watu wanapanda juu ya mabati. Wakacheka, Mrisho akamimina.

— Oya, mcheki tembo huyo, Chaji akasema. Kaganda hapo, wengine wote wanamngojea.

— Taarifa. Tembo ndiye mwenye maji. Dimbwi analichimba mwenyewe kwa mguu na mkonga, wengine hao wapangaji.

— Sasa mpangaji asinywe?

— Atakunywa baba mwenye nyumba akishatosheka.

Mangi akasema yeye angekuwa tembo angelizungushia ukuta aweke na geti. Nilijua wananisema mimi. Nikavuta kamba yangu.

Watu wakaanza kujazana kwenye hiyo simu. Mmoja akaja, nikasikia Mangi anasema msogezee ndoo hapo akae. Mwingine akaja, akasogezewa. Mabishano nayo yakanoga. Chaji akasema wanyama wana zamu, ndege asubuhi, pundamilia jua likiwa kali maana simba wanalala, tembo wakitaka wao. Taarifa akasema zamu haziwezi kwenda bila mwenyekiti, na mwenyekiti ni fisi kwa kuwa halali. Mangi akamwajiri twiga awe mlinzi, ndiyo maana alipewa shingo, na mshahara wake ni kunywa kabla ya wengine. Taarifa akaona hiyo haitoshi. Akasema kila kiangazi wanakaa kikao na simba anaapishwa asimguse mtu majini mpaka mvua inyeshe.

— Acha kamba wewe, Chaji akasema. Si huyo hapo kamdaka pundamilia, na maji bado yako mdomoni?

— Huyo pundamilia hakuhudhuria kikao.

Walicheka mpaka benchi likalia.

Mrisho, ambaye huwa hasemi, akasema watazame yule ndege. Ndege wa kahawia tu, kama kware. Anaingia majini anakaa mpaka manyoya ya kifua yanalowa, halafu anaruka na hayo maji mbali kabisa, mchanga mtupu, mpaka kwenye vifaranga vyake. Vinayanyonya kifuani. Mangi akasema huo uongo, na hata kama ni kweli, jua lile si yanafika yamekauka?

— Yanafika kidogo, Mrisho akasema. Ndiyo hayo yanayoviweka hai.

— Sasa si bora awapeleke watoto kwenye dimbwi?

— Hawana mabawa bado, Mangi.

Akajibiwa kwamba basi wamekosea kuzaliwa jangwani, na mazungumzo yakampita yule ndege.

Nje ya mlango niliona mstari unapungua. Nilikuwa nachukua ndoo iliyo mbele, naijaza, naitoa. Sikuwa na kazi ya kukumbuka ndoo za watu, mstari ndio unaokumbuka. Nilipofika kwa Violeth, mama lishe, kamba ikaanza kurudi na tope. Nikajaza nusu, nikamwambia aache itulie. Nyuma yake hapakuwa na ndoo, la sivyo hiyo nusu ningeigawa. Nikasema moyoni, Zulekha amepata kwingine.

Na wale bado wanaangalia. Sasa ilikuwa choroa, yule mnyama mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, jike, mbavu zote nje. Tembo ameondoka, pundamilia wamekunywa wameondoka, maji yapo, naye haendi. Amelala mchangani anayatazama. Taarifa akasema amekunywa jana. Mangi akasema ni maringo ya zile pembe. Chaji akasema anaogopa simba. Taarifa akaja na lake jingine, kwamba choroa hana shida na maji hata kidogo, anatafuna mizizi na matikiti ya porini yanamtosha mwaka mzima, kama gari lililofungwa mtungi wa gesi, sasa ulitaka aende kituo cha petroli kufanya nini? Na mwisho kabisa akasema hayo si maji, ni nailoni imetandikwa na wapiga picha, choroa ndiye peke yake aliyeshtukia mchezo.

Hakuna aliyesema labda hawezi kuinuka.

Zulekha akateremka. Nilikuwa mlangoni nafuta tope kwenye kamba.

— Bibi, zamu yangu?

— Ndoo yako sikuiona.

— Niliiweka pale.

— Kisima kimekauka, mwanangu. Rudi alasiri.

Akautazama ukuta. Akatazama kijiweni, na kijiweni hakukuwa na cha kuona, migongo tu na makalio yamefunika kila kitu. Mangi akamkaribisha kahawa. Mmoja hata akajisogeza ampe nafasi, na sioni kama alikuwa na nia mbaya. Zulekha akashukuru, akapanda tena, mikono mitupu.

Alasiri haikufika. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaisha tukasikia kilio kutoka juu.

Hapo ndipo ungeona maji. Wewe unayesema Kariakoo haikosi maji, hiyo ndiyo siku yako. Msikiti ukaleta gari dogo lenye tangi. Mangi akafunga duka, akapandisha katoni za chupa begani, ngazi zote zile, jasho linamtiririka. Chaji akaenda Ilala na bodaboda akarudi na madumu mbele na nyuma. Taarifa alisimama kwenye ngazi anapokezana ndoo na watu, na siku hiyo hakumkatiza mtu. Sitawanyima haki yao, walifanya kazi. Hata ndoo nusu ya Violeth ilipanda. Mama aliyeomba kuoga asubuhi akiwa na ulimi wake, mchana aliogeshwa kwa maji ambayo angeyatumia mwezi mzima. Mimi Mkristo, sikuingia kwenye kuosha, nilikaa na kina mama wa nje. Nikayaona maji yanatoka chini ya mlango, yakashuka ngazi moja baada ya nyingine, yakavuka barabara, yakaingia kijiweni. Mrisho akalazimika kunyanyua jiko lake lisizimike.

Wakazika. Matanga yakaisha. Kijiwe kikarudi palepale, kwa sababu vijiwe havifi na mtu. Video ilikuwa nyingine, sijui nyangumi, sijui nini. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeketi nao, Mrisho amenipa kikombe, maana ni kwa maji yangu hiyo kahawa inapikwa.

Zulekha akaja na kaniki yake ya msiba. Akaniamkia, akawasalimia. Wakamsogezea nafasi upesi kwenye benchi. Hakukaa. Alikuwa anatazama chini ya Taarifa.

Taarifa naye akajitazama. Akainuka taratibu. Ndoo ya bluu, imepinduliwa, na kipande cha kanga nyekundu kimelala mchangani kikiwa na alama za viatu.

— Naomba kuuliza tu, Zulekha akasema. Nani aliitoa kwenye foleni?

Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Wala sauti haikupanda.

Taarifa akasema yeye aliikuta chini ya Mangi. Mangi akasema siku ile alipewa na Chaji. Chaji akasema yeye alimsogezea tu mgeni mmoja, ilikuwa hapo mwisho wa benchi, akadhani ni ya kukalia kama nyingine. Mgeni yupi, hakumbuki. Na kabla ya Chaji kuigusa, nani aliipindua? Nikawatazama mmoja mmoja, na nakuapia hawakuwa wanaficha. Hawakujua. Kila mmoja aliipokea kwa mwenzake akampa mwenzake, wanakaribishana, wanasema karibu kaa, karibu kaa.

— Dada, tutakununulia nyingine, Mangi akasema. Nzuri zaidi.

— Kalieni tu, Zulekha akasema. Mimi sina tena mtu wa kumwogesha.

Akavuka barabara, akapanda ngazi zake.

Hakuna aliyeigusa ile ndoo. Simu ikaendelea kuongea peke yake mpaka Chaji akaizima. Mrisho akainamisha dele la kahawa kunimiminia, yakatoka machicha. Akalitikisa, likalia tupu, akaninyooshea kama anavyoninyooshea kila siku.

— Bibi, naomba maji kidogo tukoroge nyingine.

Nililipokea. Nikaliweka juu ya ndoo ya Zulekha, nikainuka, nikaingia kwangu, nikafunga mlango.