Mkokoteni wa Mama Vichochoro Haustaafu

"Sabuni nzuri hujiuza yenyewe." Ndivyo alivyotuambia meneja masoko mwezi uliopita, akiwa amekaa. Sijawahi kuona mche wa sabuni ukitoka getini kwa miguu yake. Miguu ilikuwa ya Mama Vichochoro, ambaye Ijumaa hii anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kiwandani kwetu.

Alianzia kwenye mapipa ya kuchanganyia, akahamishiwa mauzo kwa sababu, kwa maelezo ya msimamizi wake, alipiga kelele kuliko mashine. Akapewa mkokoteni na vichochoro ambavyo gari letu haliingii. Huko ndiko sabuni yetu ilikopata umbo. Wenye vibanda walitaka mche mrefu, mgumu, usio na harufu, wa kukata kwa kisu na kumuuzia mtu kipande cha kufulia nguo za leo. Tukatengeneza huo. Anayedhani ulibuniwa ofisini amekosea. Ulibuniwa na kisu cha kibandani.

Kisha tukaingiwa na tamaa ya supamaketi, tukatoa sabuni ya mviringo yenye manukato. Mama Vichochoro naye aliishabikia, hakuwa malaika. Vibandani ikapangwa rafu moja na unga. Wiki haijaisha, mwenye kibanda mmoja akamrudishia boksi zima: "Dada, chukua. Unga wangu unanukia kama bibi harusi, wateja wanauliza bwana harusi yuko wapi." Supamaketi nayo iliitupa rafu ya chini kabisa, nyuma ya sumu ya panya.

Alirudi akicheka njia nzima, akaingia kwa mkurugenzi bila hodi: "Baba, niambie kwanza unataka kuuzia wapi, ndipo uwaambie wa mapipani wachemshe nini."

Ni mche uliotulisha. Sasa nasikia kwamba akiondoka, njia yake inafungwa, sabuni yote inakwenda supamaketi, na mkokoteni wake utapakwa rangi, uwekewe maua, usimame mapokezini kama kumbukumbu.

Mama Vichochoro, asante kwa kila kona uliyokata. Magoti yako yapumzike, mdomo wako usipumzike, na wajukuu wakupe nafasi ya kuongea.

Nanyi wakurugenzi, maua yatieni kwenye chungu. Mteueni mrithi wake kabla hajamaliza kutuaga, na Jumatatu mkokoteni utoke getini umejaa miche. Vibanda hufunguliwa mapema kuliko ofisi zenu.