Makoti ya Waitaji wa Anse Gomye

Mheshimiwa Waziri, Mheshimiwa Mbunge wetu, Padri Hyacinth, Bwana Laronde wa ofisi ya tahadhari, wenyeviti wa vijiji jirani mliokuja kutuibia ujuzi (karibuni, ibeni), wazee wangu, kina mama wenzangu wa soko la samaki, na ninyi waitaji wetu, mnaosubiri kuvishwa makoti ya mvua jua likiwaka hivi: habari za mchana!

Kwa wasionijua, mimi ni Ernestine Valmond, muuza samaki, na kwa sasa ni mwenyekiti wa baraza la kijiji hiki. Nimeambiwa nisiseme sana. Aliyeniambia ni mume wangu, naye anajua jinsi ninavyomsikiliza.

Ndugu wageni, je, zamani tahadhari za vimbunga zilikuwa hazitufikii hapa kisiwani Dominika? Zilitufikia tele. Redio ilisema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba upepo una kasi kadha wa kadha na wakazi wa maeneo ya mabondeni wachukue hatua. Nani katika Anse Gomye anajiita mkazi wa maeneo ya mabondeni? Sisi wa Mtaa wa Chini tulidhani wanasemwa watu wa kijiji cha pili, nao wakadhani tunasemwa sisi. Kila mtu akamwonea mwenzake huruma, akafunga madirisha yake, akaketi. Hivyo ndivyo mto ulivyomchukua dada yangu Vernice, redio yake ikiwa mezani inaongea. Habari zote alikuwa nazo. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba anayesemwa ni yeye. Nilimlilia sana, na hadi leo inaniuma.

Baadaye ukaja mradi wa kuboresha tahadhari. Wataalamu wakatuuliza: wahenga wenu waliitana kwa kitu gani? Tukajibu, kwa baragumu, lile gamba la konokono wa baharini. Ilikuwa kweli tupu. Wakafurahi, wakalipiga picha kutoka kila upande, na zoezi likapangwa: baragumu likilia, wote tukimbilie shuleni, juu mlimani. Sasa niwaulize, mabibi na mabwana, katika kijiji hiki baragumu hulia kwa jambo gani? Samaki wameingia! Tena mwezi ulikuwa umepungua, majira yenyewe ya titiri, vidagaa vyetu vinavyopanda kutoka baharini mpaka maji yanakuwa meusi. Bwana Laronde akapuliza. Kijiji kizima kikateremka mbio na mabeseni, mashuka na vyandarua hadi kwenye mlango wa mto, pale pale ambapo mafuriko yangetumaliza sote kwa mkupuo mmoja. Walioshindwa kwenda kanisani kwa sababu ya magoti, siku hiyo magoti yalipona. Padri, usiangalie chini. Ulikuwa na ndoo mbili.

Mama mmoja akamshika Bwana Laronde mkono.

"Baba, samaki wako wapi?"

"Hakuna samaki, mama. Ni kimbunga."

"Kimbunga kiko wapi?"

"Hakuna kimbunga. Hili ni zoezi."

"Yaani samaki hakuna, kimbunga hakuna, na mimi mafuta nimeshayabandika jikoni?"

Mtu mwingine angerudi mjini akaandika kwamba watu wa Anse Gomye hawafundishiki. Bwana Laronde alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, kisha akabaki. Jumapili yake akatukuta tunaezeka nyumba ya mjane, akavua saa, akabeba mbao pamoja nasi. Wakati wa kula akauliza, "Hawa wote wameitwa na nani?" Tukamshangaa. Ile ilikuwa koudmen, na nani asiyejua koudmen? Kwetu ukiwa na paa la kuezeka au shamba la kulima, hubandiki tangazo. Unakwenda mlangoni kwa mtu, unamwita kwa jina lake, unamwambia kazi ni ipi. Naye haji kwa kukupenda. Anakuja kwa sababu kesho paa litakuwa lake. Hata mkiwa mmenuniana, koudmen haikataliwi.

Tukaanzia hapo. Siku hizi ofisi ya Bwana Laronde huwapigia simu waitaji, yaani wenzetu tuliowachagua kwenda kuwaita watu milangoni, na kuwaambia mto upi utajaa na maji yatafika wapi. Mwitaji ana nyumba zake chache tu. Akifika hatangazi kasi ya upepo. Anasema, "Maji yatafika kwenye ngazi yako ya tatu. Nimekuja kukubebea kitanda." Na haondoki uani mpaka muondoke pamoja.

Mwezi wa tisa uliopita kimbunga kikaja kutupima. Hofu yangu yote ilikuwa kwa mtu mmoja, Ma Clotilde Prosper, aliyeishi karibu na mlango wa mto kuliko sisi sote, na hajawahi kukimbia kimbunga maishani mwake. "Kwenye mto huu nimefua nguo tangu nikiwa msichana," alikuwa akisema, "unanijua." Na mwitaji niliyempangia alikuwa nani? Jirani yake, Anselm Esprit, ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mshelisheli uliopandwa upande mmoja wa ua na kuzalia upande wa pili. Watu waliniambia, "Ernestine, umemuua bibi wa watu." Nami nilisimama mlangoni mwa shule, mvua inachapa, wote wameshafika isipokuwa hao wawili, nikaanza kuamini.

Yaliyotokea uani nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyepiga kelele.

"Clotilde! Koudmen!"

"Ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijaita mtu."

"Najua, una kiburi. Kitanda kiko wapi?"

"Kwanza nirudishie mashelisheli yangu."

"Nitarudisha. Toka!"

"Haya, kibebe. Lakini sufuria zangu usiziguse, una mikono ya kuvunja."

Nikawaona wanapanda mlima, Anselm kitanda kichwani, Ma Clotilde nyuma yake na sufuria zake, akimwelekeza pa kukanyaga. Jioni hiyo mto ulizoa Mtaa wa Chini wote, nyumba ya Ma Clotilde ikaenda baharini na jiko lake. Padri akaita majina yetu, moja baada ya jingine, na kila jina likaitikiwa. Kila jina! Mtanisamehe, Mheshimiwa, lakini kwa hili nitajivuna hadi kaburini.

Wenyeviti wenzangu, msiibebe koudmen yetu kama ilivyo mkaipeleka kwenu. Kaulizeni kwanza watu wenu wanaitanaje, na wakiitwa hivyo wanakimbilia wapi.

Sasa nimalizie na swali aliloniuliza Mheshimiwa Waziri asubuhi: Anselm amezeeka, masikio yamepungua, je, yeye mwenyewe ataitwa na nani? Juzi Ma Clotilde alikuja kwenye meza yangu sokoni, hakununua kitu.

"Ernestine, nami nitie kwenye waitaji."

"Ma Clotilde, kwa umri huo utaweza nyumba ngapi?"

"Nataka moja tu. Ya yule mwizi wa mashelisheli."

"Kumbe mmepatana?"

"Nani kasema? Simpendi hata kidogo. Lakini ni mkaidi yule, hatatoka kwa mtu mwingine."

Koti la kwanza leo ni la kwake. Wageni wetu wapendwa, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Mungu atupitishe salama msimu huu. Ma Clotilde, simama mama, njoo uvishwe. Anselm, mshike mkono apande ngazi, na lolote atakalokwambia, usimjibu.