Yoakimu wa Meli ya Basotu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tumati, Masieda na kule Yaeda Chini, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mzee Yoakimu, tuliyemzika Tumati Jumamosi. Na huwezi kumtaja Yoakimu ukaiacha meli yake.

Meli hiyo iliitwa Basotu. Ndiyo, kama ziwa letu la Hanang. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo ya jeshi la majini. Haikuwa na mizinga. Ilibeba saruji, unga na magodoro ya askari wa visiwani, na injini yake ilikuwa kaidi kama punda wa mnadani. Humo walifanya kazi vijana wawili wa kwetu: Yoakimu wa Tumati, na Clement wa Masieda.

Msimu mmoja wa dhoruba, Basotu ilirudi bandarini bila Clement. Mama yake, Konsolata, aliambiwa ni ajali. Mwili haukupatikana. Mwaka uliofuata meli ikastaafishwa, ikakatwa kuwa chuma chakavu. Yoakimu akarudi nyumbani, peke yake.

Hapo maneno yakaanza. Yoakimu hakumpa mtu mkono. Hakuingia boma la mtu. Ng'ombe wake walikunywa maji ng'ombe wa wengine wakishaondoka. Sasa niambieni, ninyi mngefikiri nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni. Watu wakasema amemsukuma mwenzake majini.

Mama Konsolata alituambia hivi: "Mtu asiye na kosa hajifichi. Nikasema, akija kunieleza nitamsikiliza. Hakuja."

Hakuja, wapendwa. Miaka yote hiyo hakuja. Na kutoka Tumati hadi Masieda si safari ya kumshinda mwanajeshi.

Siku ya mazishi majirani walisimama kule barabarani. Hakuna aliyegusa koleo. Mjane wake, mama Letisia, alilia akiuliza nani atamfukia mume wake. Ndipo akasogea mzee mgeni, Evarist, fundi wa injini wa Basotu. Akamwendea mama Konsolata.

"Shikamoo mama. Wimbi ndilo lilimchukua Clement. Yoakimu alimshika, akang'ang'ania mpaka bega lake likateguka. Clement akaponyoka. Mimi niliona."

Mama Konsolata akamgeukia Letisia. "Sasa kwa nini alijitenga?"

"Mama, alikuwa kwenye msiba wa mwanao. Alisema aliyeguswa na kifo hakipeleki kwenye boma la watu. Anakaa pembeni mpaka mama wa marehemu aje amfungulie, amwambie msiba umeisha. Alikuwa anakungoja wewe, wala hakutaka uitwe."

Mila hiyo tunaijua sote, ila tunaishika kwa msiba wa ndugu. Nani angedhani mtu anaishika kwa rafiki wa melini? Tuliona anavyoishi, tukaita ni hatia. Iliniuma sana, sitawaficha.

Mama Konsolata akapiga magoti kando ya jeneza. Akasema taratibu, "Baba, mimi nilikuwa nakungoja mlangoni. Msiba umeisha. Njoo nyumbani." Majirani wakashuka kutoka barabarani, wakachukua makoleo.

Pole mama Letisia, pole watoto na ukoo wote. Pole na wewe, mama Konsolata, umefiwa mara mbili.

Nawe unayenisikiliza, yupo jirani unayemdhania jambo. Unangoja aje akueleze. Nenda wewe ukamuulize leo, angali anaweza kukujibu.